Iain Macleod: Mcheza karata aliyeharakisha uhuru wa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu, Ujiji

UJIJI ni mji unaomkumbuka Mskoti mmoja. Mgeni anayefika hapa kwa mara ya kwanza hupelekwa penye kumbukumbu ya Dk. David Livingstone, mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta mwaka 1871 akiwa dhaifu na mgonjwa. Livingstone alizaliwa mwaka 1813, na babu yake alitoka katika kisiwa cha Ulva, magharibi mwa Uskoti.

Miaka 100 baadaye, Novemba 11, 1913, alizaliwa mtoto mwingine ambaye asili ya familia yake ilikuwa katika visiwa vya upande huo huo, safari hii kisiwa cha Lewis. Baba yake alikuwa daktari, kama alivyokuwa Livingstone. Mtoto huyo alizaliwa katika mji mdogo wa Skipton, kaskazini mwa Uingereza, na akapewa jina la Iain Macleod.

Macleod hana mnara Ujiji, na ni wachache mno wanaolijua jina lake. Hata hivyo, ndiye waziri wa Uingereza aliyekaa meza moja na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1961 na kukubali kwamba Tanganyika ijitawale mwaka huo huo. Kabla ya kuwa mwanasiasa, alikuwa mmoja wa wacheza karata mahiri kuliko wote nchini mwake. Sifa hiyo ilimjengea jina, na baadaye maadui zake waliigeuza kuwa tusi.

Mshahara wa pauni tatu

Macleod alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kuhitimu mwaka 1935. Masomo hayakumshughulisha sana. Muda wake mwingi ulikwenda kwenye briji, mchezo wa karata unaochezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili.

Alipata kazi katika kampuni ya De La Rue, iliyokuwa ikichapa noti za benki na pia karata. Inasimuliwa kuwa mshahara wake ulikuwa pauni tatu kwa wiki, ilhali usiku, katika vilabu vya London, aliweza kupata hadi pauni 100 kwa wiki kwa kucheza briji kwa fedha. Mtu anayekesha mezani hawezi kuwa mfanyakazi mzuri asubuhi. Mwaka 1938 aliachana na kampuni hiyo na kujiandikisha kusomea sheria.

Lakini usiku huo haukupotea bure. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katika timu iliyotwaa Gold Cup, kombe kubwa la briji nchini Uingereza. Pamoja naye walikuwamo Maurice Harrison-Gray, Jack Marx na S. J. Simon. Wanne hao wanakumbukwa hadi leo na wacheza briji duniani kwa sababu ya jambo lingine: walishiriki kutunga mfumo wa kunadi uitwao Acol, uliopata jina lake kutokana na barabara moja ya kaskazini mwa London palipokuwa na klabu yao ndogo.

Kunadi ni nini

Msomaji aliyezoea karata za barazani ataelewa upesi. Katika briji kila mchezaji hupewa karata 13. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, wachezaji hunadi kwa zamu kama watu walio kwenye mnada. Kila mnada ni ahadi: mchezaji anataja turufu anayoitaka na idadi ya mizunguko ambayo yeye na mwenzake watakula, kati ya mizunguko 13. Wakitimiza wanapata alama. Wakishindwa hata kwa mzunguko mmoja, alama zinakwenda kwa wapinzani.

Ugumu wake ni kwamba mchezaji haoni karata za mwenzake, na haruhusiwi kumkonyeza, kukohoa wala kutumia ishara yoyote. Lugha pekee waliyo nayo ni ile ya mnada, yenye minada 35: ngazi saba, na katika kila ngazi aina tano, yaani pau, uru, kopa, shupaza na bila turufu. Anayenadi lazima apande juu kuliko aliyetangulia. Maneno yakiisha, hakuna kurudi nyuma.

Zawadi kubwa zaidi huitwa slemu. Slemu ndogo ni kuahidi mizunguko 12 na kuila. Slemu kubwa ni kuahidi yote 13. Ni ahadi yenye faida nono na hatari kubwa, kwa kuwa anayekosea kidogo hupoteza kila kitu.

Kuhesabu nguvu si vigumu. Ree hupewa pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili na jeki moja. Jumla ni 40, na kwa kawaida wenzi wenye pointi 33 huanza kufikiria slemu ndogo. Lakini hesabu peke yake ni mtego. Wenzi wanaweza kuwa na pointi 33 na bado wakakosa ree na mfalme wa uru kwa pamoja. Wapinzani wakianza kwa uru, wanakula mizunguko miwili ya kwanza, na slemu imekufa kabla haijaanza. Wenzi wengine wenye pointi hizo hizo, wakikosa ree ya aina moja na mfalme wa aina nyingine, wanaweza kufaulu. Kwa hiyo swali kuu la slemu ni nguvu zipo wapi, zaidi ya ni kiasi gani.

Njia mbili za kufika mbali

Ni hapo ambapo mifumo inatengana. Acol ya kina Macleod ilikuwa mfumo wa kusema ulichonacho. Mwenye kopa nyingi hunadi kopa. Mwenye nguvu za wastani hunadi kwa kiwango kinachoonyesha wastani huo, kisha humwachia mwenzake aamue. Ni mazungumzo ya watu wawili walio sawa, mafupi, yanayokwenda moja kwa moja kwenye lengo. Mnada maalumu wa pau mbili uliwekwa akiba kwa ajili ya mikono yenye nguvu za kupindukia.

Njia ya pili ilianzia Marekani. Tajiri Harold Vanderbilt, ambaye mwaka 1925 akiwa safarini melini alitengeneza kanuni za kuhesabu alama zilizozaa briji ya sasa, ndiye pia aliyetunga mfumo wa pau yenye nguvu. Katika mfumo huo, kunadi pau moja hakuna uhusiano wowote na pau. Ni tangazo tu kwamba nina mkono mzito. Faida yake ni kwamba pau moja ndiyo ngazi ya chini kabisa, hivyo mnada unaanza mapema na nafasi ya kuulizana inabaki kubwa.

Waitaliano waliuchukua wazo hilo na kulinoa. Timu yao, iliyojulikana kama Blue Team, ilitwaa ubingwa wa dunia mara 10 kati ya mwaka 1957 na 1969, na baadhi ya wachezaji wake walitumia pau yenye nguvu ambayo jibu lake la kwanza lilieleza ree na wafalme alionao mwenza. Mwaka 1969 timu ya Taiwan, iliyotumia mfumo wa Precision uliotungwa na C. C. Wei, mfanyabiashara wa meli mzaliwa wa China aliyeishi Marekani, iliushangaza ulimwengu kwa kufika fainali ya ubingwa huo. Kwa Precision, pau moja humaanisha pointi 16 au zaidi.

Baadaye, hususan Australia na New Zealand, ilikua mifumo ya rilei. Hapa mmoja huwa nahodha. Kila zamu yake ananadi ngazi ya chini inayofuata, na maana yake ni moja tu: endelea kunieleza. Mwenzake hujibu kwa hatua. Kwanza anaeleza ana karata ngapi za kila aina, kisha ana ree na wafalme wangapi, na mwisho wako katika aina zipi. Mnada ukienda vizuri, nahodha hujua karata za mwenzake karibu zote, huku za kwake zikibaki siri hata mbele ya wapinzani.

Kwa kutafuta slemu, rilei ina usahihi ambao Acol haiwezi kuufikia. Lakini ina gharama. Inadai kukariri majedwali marefu, na kosa moja la kumbukumbu huharibu kila jibu linalofuata. Mpinzani akinadi katikati na kupandisha ngazi, nafasi ya kuuliza inatoweka. Zaidi ya hayo, mwenza anayejibu hana sauti katika uamuzi. Hata akiwa na sababu nzuri ya kusita, hakuna aliyemuuliza maoni.

Acol nayo hubahatisha. Hukubali kwamba mara nyingine wenzi watafika kwenye slemu wakiwa hawajui kila kitu, wakiaminiana kwamba kila mmoja amesema kweli kwa kiasi alichoweza kusema.

Kutoka vitani hadi bungeni

Vita Kuu ya Pili ilimtoa Macleod vilabuni. Alijeruhiwa pajani nchini Ufaransa mwaka 1940, na Juni 6, 1944 alikuwa miongoni mwa maofisa waliotua katika fukwe za Normandy. Jeraha lile na ugonjwa wa uti wa mgongo vilimfanya achechemee na kuishi na maumivu kwa maisha yake yote. Mkewe, Evelyn, waliyefunga ndoa mwaka 1941, alipatwa na polio mwaka 1952.

Aliingia bungeni mwaka 1950 kwa tiketi ya chama cha Conservative. Miaka miwili baadaye alimjibu Aneurin Bevan katika mjadala wa afya kwa ufasaha uliomvutia Waziri Mkuu, Winston Churchill, na wiki chache baadaye akateuliwa kuwa Waziri wa Afya. Mwaka huo huo wa 1952 kilitoka kitabu chake, Bridge is an Easy Game. Uwaziri ulimlazimu kuacha safu ya briji aliyokuwa akiiandika katika gazeti la Sunday Times.

Oktoba 1959 Waziri Mkuu Harold Macmillan alimkabidhi Wizara ya Makoloni. Hakuwa amewahi kuitawala koloni yoyote. Miezi saba kabla, wafungwa 11 walikuwa wameuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola nchini Kenya, na aibu ya tukio hilo ilimshawishi kwamba utawala wa kutegemea mabavu umefika mwisho.

Ratiba aliyoikuta ilikuwa ya polepole. Mwanzoni mwa mwaka 1959, mtangulizi wake na magavana wa Afrika Mashariki walikuwa wamekadiria Tanganyika ijitawale karibu na mwaka 1970, na Kenya karibu na 1975.

Mnada mfupi wa Dar es Salaam

Tanganyika haikuwa zawadi ya waziri yeyote. TANU ilikuwa imekwisha kujenga matawi nchi nzima, Kigoma na Ujiji zikiwamo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama hicho kilipata viti 70 kati ya 71, na Septemba Mwalimu Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Kwa lugha ya briji, mkono ulikwisha kuelezwa wazi. Gavana, Sir Richard Turnbull, aliyekuwa ameshuhudia vita vya Mau Mau Kenya, naye aliieleza London ukweli wa mkono wake: hakuwa na polisi wala askari wa kuizuia nchi ikiamua kukataa kutawaliwa.

Sababu ya kusita ilikuwapo, na wakazi wa Ujiji waliiona ng'ambo ya ziwa. Ubelgiji iliipa Kongo uhuru Juni 30, 1960, baada ya maandalizi ya miezi michache tu. Siku tano baadaye jeshi liliasi, na Julai 11 jimbo la Katanga, ambalo bandari yake ya Albertville, Kalemie ya leo, ipo ufukweni mwa Tanganyika, lilitangaza kujitenga. Ilikuwa slemu iliyonadiwa na watu wasiojuana karata.

Waliopinga haraka waliitumia Kongo kama hoja. Macleod alisoma somo tofauti. Aliamini, na baadaye akaeleza, kwamba kwenda haraka kulikuwa na hatari, lakini kwenda polepole kungemwaga damu nyingi zaidi.

Mwishoni mwa Machi 1961 alikuja Dar es Salaam kuongoza mkutano wa katiba katika Ukumbi wa Karimjee. Ulichukua siku chache tu. Serikali ya ndani ilianza Mei 1, na uhuru kamili ukapatikana Desemba 9, 1961, miaka tisa hivi kabla ya tarehe iliyokuwa imekadiriwa. Hapakuwa na rilei ndefu ya maswali. Kila upande ulisema ulichonacho, ukaamini ulichoambiwa, na ahadi ikatimizwa.

Lawama ya Lord Salisbury

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Mkutano wa katiba ya Kenya, uliofanyika Lancaster House, London, mwanzoni mwa mwaka 1960, ulifungua njia ya Waafrika kuwa wengi katika baraza la kutunga sheria. Walowezi walihisi wamesalitiwa. Kiongozi wao mwenye msimamo wa wastani, Michael Blundell, aliporejea Nairobi alitupiwa miguuni vipande vya fedha, kwa mfano wa Yuda. Ndugu wa Macleod mwenyewe, Rhoderick, alikuwa mkulima nchini humo.

Machi 7, 1961, wiki chache kabla ya mkutano wa Dar es Salaam, Lord Salisbury alisimama katika Baraza la Malodi na kumshambulia Macleod. Alimwita mtu mwerevu kupita kiasi, akadai kwamba ameleta katika siasa mbinu za mezani: kwamba aliwafanya walowezi wa Kizungu kuwa wapinzani wa kuzidiwa akili, kama ambavyo mcheza briji huwazidi akili wapinzani wake bila kuona haya. Lawama hiyo ilimganda hadi kufa kwake, na wengi wanaamini ilimnyima nafasi ya kuwa Waziri Mkuu.

Je, ilikuwa ya haki? Walowezi walikuwa na hoja moja nzito. Kwa miaka mingi mawaziri wa London waliwaacha waamini kwamba Uingereza ingebaki muda mrefu, na baadhi yao walinunua mashamba kwa imani hiyo. Mnada ulibadilishwa maana wakiwa mezani. Lakini Salisbury alikosea kuhusu briji yenyewe. Kanuni zake hukataza mapatano ya siri. Kila mfumo, uwe Acol au pau yenye nguvu na rilei zake, lazima uelezwe kwa wapinzani wakiuliza. Werevu unaruhusiwa, kuficha maana ya ahadi ni wizi.

Wana Kigoma wanalo jambo lao la kuongeza. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam milele, kwa kodi ya franga moja kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba Tanganyika huru haitafungwa na mkataba huo, kwa kuwa Uingereza ilikabidhiwa nchi kwa muda na haikuwa na mamlaka ya kuigawa milele. Yaani, hakuna anayeruhusiwa kunadi kwa karata za mtu mwingine.

Deni la mwaka 1968

Macleod aliondoka Wizara ya Makoloni Oktoba 1961. Miaka miwili baadaye alikataa kuwa waziri chini ya Sir Alec Douglas-Home, akawa mhariri wa jarida la The Spectator.

Mtihani wa kweli wa lawama ya Salisbury ulikuja Februari 1968. Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza walikuwa wakikimbilia huko kwa maelfu, na serikali ya Labour ikaleta muswada wa kuwazuia, ukapitishwa kwa siku chache. Chama cha Macleod kiliuunga mkono, na wananchi wengi walikuwa upande huo. Yeye aliupinga hadharani na kupiga kura ya hapana pamoja na wabunge wachache wa chama chake. Alieleza kwamba Waasia hao waliahidiwa haki ya kuingia Uingereza wakati Kenya inapata uhuru, na kwamba alishiriki kuitoa ahadi hiyo. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1963, alikanusha kwamba ahadi ya namna hiyo ilitolewa. Macleod hakurudi nyuma.

Muswada ulipita, na hakupata kitu kwa kuupinga. Mtu anayetaka tu kuwazidi wenzake akili angenyamaza siku ile.

Julai 1970

Juni 1970 chama chake kilirudi madarakani na Macleod akawa Waziri wa Fedha. Alidumu mwezi mmoja tu. Usiku wa Julai 20, 1970 alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo katika makazi yake rasmi jijini London, akiwa na umri wa miaka 56. Alizikwa Gargrave, kijiji cha jirani na Skipton alikozaliwa. Siku 16 kabla yake, Julai 4, alikuwa amefariki Harold Vanderbilt, baba wa pau yenye nguvu.

Mashindano kati ya mifumo yao hayajaisha. Katika mashindano makubwa ya dunia wapo wanaonadi kwa pau yenye nguvu na rilei, na wapo wanaonadi kwa njia ya kawaida, kila upande ukiamini kuwa ndio unaozifikia slemu salama zaidi.

Mwaka ule wa 1970 ndio uliokuwa umekadiriwa na wakubwa wa London kwa ajili ya uhuru wa Tanganyika. Ulipofika, nchi ilikuwa imejitawala kwa zaidi ya miaka minane, ilikwisha kuungana na Zanzibar, na Ujiji ilikuwa na watoto wa shule waliozaliwa bila kuijua bendera ya Uingereza.